Kamera Nyepesi Katika Msitu wa Sokoke

Mnamo 1905 Mjerumani Carl Georg Schillings alitoa kitabu kilichowashangaza wasomaji wa Ulaya. Ndani yake mlikuwa na picha za wanyamapori zilizopigwa usiku, kwa mwanga wa unga uliowashwa ukalipuka gizani. Picha hizo alizipiga katika nchi ambayo leo ni Tanzania, kwa kamera zilizotumia sahani za vioo. Vioo vile, kamera zile, dawa za kusafishia picha na mahema vilisafiri juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Historia ya picha za wanyama Afrika Mashariki ni historia ya mizigo pia, na kila mzigo ulikuwa na mtu wa kuubeba.

Mwandishi wa makala haya, mpigapicha wa wanyama, hana msafara. Hupanda matatu kutoka Malindi hadi Gede, akashika bodaboda mpaka ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, na kutoka hapo ni miguu yake mwenyewe. Suala la uzito wa kamera kwake linaamua atafika wapi kabla jua halijawa kali.

Hakuanzia msituni. Alianzia Tsavo Mashariki, ambako uzito si hoja. Ndani ya hifadhi ile mtu haruhusiwi kushuka garini ila mahali palipotengwa, kwa hiyo gari ndilo linalobeba kila kitu. Mpigapicha huweka mfuko wa maharagwe juu ya dirisha lililoshushwa, hulaza lenzi yake ndefu juu ya mfuko, na husubiri ndovu wenye vumbi jekundu wafike majini. Lenzi ikiwa na kilo nne au sita, dirisha halilalamiki. Kwa kazi hiyo kamera kubwa yenye kihisi kikubwa ni chombo cha kuaminika, na picha alizopata Tsavo miaka ile bado anazipenda na bado zinachapishwa.

Mambo yalibadilika aliporudi pwani na kuanza kuipenda misitu ya nyumbani. Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, ndicho kipande kikubwa zaidi cha msitu wa asili wa pwani kilichobaki Afrika Mashariki. Upande mmoja kuna msitu mchanganyiko, katikati kuna miti ya mirihi iliyoachana vizuri juu ya mchanga mweupe, na upande wa magharibi, penye udongo mwekundu, kuna kichaka cha miti ya Cynometra iliyosongamana hata mtu mzima hupita kwa ubavu. Humo ndimo anamoishi bundi wa Sokoke, ndege mdogo anayetoshea kwenye viganja viwili, ambaye wanasayansi walimfahamu tu katika miaka ya 1960. Ukiacha hapa pwani ya Kenya, hupatikana pia katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Kwengine hayuko.

Hebu tuupime mzigo wenyewe. Toleo la pili la lenzi ya Canon ya milimita 600 yenye tundu la f/4, ambalo wapigapicha wengi wa ndege walilitegemea kwa miaka, lina gramu 3,920. Mwili wa kamera ya kitaalamu wa kuifungia huwa na kilo moja na nusu. Stendi imara ya miguu mitatu, pamoja na kichwa chake cha kuzungusha lenzi, huongeza kilo nyingine tatu au nne. Hapo hujaweka maji ya kunywa, na pwani ya Kenya mwezi wa Februari maji ya kunywa ni mzigo usiopunguzika.

Kwa uzito huo mpigapicha hakuwa akiingia msituni. Alikuwa akitembea kwenye njia ya gari inayopita msituni, na ni vitu viwili tofauti. Stendi ilinasa kwenye vijiti, kifuniko cha lenzi kikakwaruza matawi, na mwongozaji wake, mzee aliyezaliwa kijiji cha jirani na anayeujua msitu huu tangu utotoni, akawa anachagua mahali pa kumpeleka kulingana na upana wa njia. Ndege waliopigwa picha wakawa ni wale wanaopenda ukingoni. Baadaye, akizipanga picha za miaka hiyo kwenye kompyuta, aliona jambo hilo waziwazi: kamera ndiyo iliyokuwa ikimchagulia wanyama.

Bega la kulia lilipoanza kumuuma hata usiku, aliamua kuhama. Alinunua kamera yenye kihisi kidogo, OM-1 iliyotoka 2022, ambayo ikiwa na betri na kadi ndani yake ina gramu 599, pamoja na lenzi ya milimita 300 yenye tundu la f/4, gramu 1,475 ikiwa na mshikio wake. Jumla ni kilo mbili na kidogo. Stendi aliiacha nyumbani.

Siku ya kwanza kufika na vifaa hivyo, mzee alimtazama kutoka juu mpaka chini.

“Dada, ile stendi yako leo iko wapi?”

“Nimeiacha, mzee. Leo ni hii tu.”

“Basi leo tutapita ndani.”

Na ndani walipita.

Kabla ya kufuata nyayo zao, inafaa kueleza kihisi kidogo kinafanya nini, kwa sababu maduka huyaeleza mambo haya kwa maneno yanayopendelea upande huu au ule. Kihisi ni kile kipande kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga, mahali palipokuwa na filamu zamani. Katika kamera zinazoitwa za fremu kamili, kihisi kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Katika mfumo wa Micro Four Thirds, ambao Olympus na Panasonic waliutangaza 2008, kihisi ni milimita 17.3 kwa 13. Lenzi ya milimita 300 inabaki kuwa ya milimita 300 popote ufungapo, lakini kihisi kidogo huchukua kipande cha katikati tu cha taswira inayoingia. Matokeo yake ni kwamba ndege hujaza picha sawasawa na vile angeijaza kwa lenzi ya milimita 600 kwenye fremu kamili. Hapo ndipo kilo zinapopungua.

Jina lenyewe la fremu kamili linapotosha kidogo. Milimita 36 kwa 24 ni kipimo alichokileta Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani. Barnack alikuwa na pumu na alipenda kutembea milimani. Kamera nzito za sahani zilimshinda. Kufikia 1914 alikuwa ameunda kamera ya mfukoni iliyotumia filamu ya sinema, na 1925 kamera hiyo, Leica, ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig. Wataalamu wengi wa wakati ule waliiona fremu yake kuwa ndogo mno kwa kazi ya maana, na Wajerumani mpaka leo wanaiita picha ndogo. Kipimo ambacho sasa kinatumika kuvidharau vihisi vingine kilizaliwa kwa sababu ya mtu aliyeishiwa pumzi mlimani.

Gharama ipo, na asiyeitaja anamdanganya mnunuzi. Kihisi hukinga mwanga kama sinia linavyokinga mvua: mvua ikiwa ile ile, sinia kubwa hupata maji mengi zaidi. Eneo la fremu kamili ni milimita za mraba 864, na la kihisi kidogo ni karibu 225, yaani kama robo. Tundu la f/4 litatoa picha yenye mwangaza ule ule kwenye kamera zote mbili, lakini kihisi kidogo kimeijenga picha hiyo kwa robo ya mwanga. Upungufu huo huonekana kivulini na jioni kama chenga, zile punje za rangi zisizotulia zinazotapakaa kwenye sehemu za giza. Na jambo hilo hilo hufanya mandhari ya nyuma isiyeyuke laini kama inavyoyeyuka kwenye kamera kubwa.

Ndani ya kichaka cha Cynometra, saa tatu asubuhi, mwanga ni haba kama wa sebuleni madirisha yakiwa yamefungwa. Mzee alisimama, akainua kidole bila kuunyoosha mkono. Ilimchukua mpigapicha muda kuona. Bundi wawili walikuwa wamekaa juu ya tawi moja, kimo cha kifua cha mtu, mabega yamegusana. Mmoja alikuwa wa kijivu, mwenzake wa rangi ya kutu. Ndege hawa huja kwa rangi zaidi ya moja. Manyoya yao yana vidoadoa na michirizi inayofanana kabisa na gamba la mti wenye ukungu. Yule wa rangi ya kutu alifungua jicho nusu, la manjano, akalifumba tena.

Palikuwa hapana nafasi ya kutandaza miguu ya stendi, wala njia ya kusogea bila kuvunja kijiti. Alipiga magoti, akaegemeza kiwiko kwenye goti, akashusha spidi mpaka sekunde 1/15. Kwa lenzi ndefu hivyo, mkono wa mtu hauwezi kutulia kiasi hicho. Lakini ndani ya kamera hizi kihisi hakijakazwa kwa skrubu. Kinaelea, kikishikiliwa na sumaku, na kila mkono unapotikisika chenyewe husogezwa upande wa pili kuufidia mtikisiko. Lenzi nayo ina mfumo wake wa aina hiyo, na viwili hivyo hufanya kazi pamoja. Kwa sababu bundi walikuwa wametulia, spidi ndogo haikuwa na madhara, na kwa sababu ya spidi ndogo hakulazimika kupandisha ISO, kiwango cha usikivu wa kihisi kwa mwanga. Robo tatu za mwanga zilizopotea kwa udogo wa kihisi zilirudishwa kwa muda mrefu wa kupokea mwanga.

Picha ilitoka na kila kidoa cha unyoya mahali pake.

Hesabu hiyo hufanya kazi kwa mnyama aliyetulia tu. Ndani ya msitu huo huo yumo sange mkubwa mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama wa nusu kilo hivi, mwenye pua ndefu inayopekua majani makavu mchana kutwa kutafuta wadudu. Hatulii. Akishtuka hukimbia kwa kuruka, miguu ikipiga majani kwa sauti inayosikika mbali, na kiuno chake hung'aa mara moja tu kabla hajapotea. Kumgandisha kunataka sekunde 1/1000 au fupi zaidi, chini ya kivuli kizito, na hapo mfumo wa kutuliza mtikisiko hausaidii chochote kwa sababu anayetikisika ni mnyama. ISO hupanda, chenga hujaa. Programu za kuondoa chenga zimeendelea sana. DxO walitoa DeepPRIME mwaka 2020, na Adobe wakaweka ya kwao ndani ya Lightroom mwaka 2023. Hizi huokoa picha nyingi. Hata hivyo mpigapicha amegundua kwamba kwenye manyoya ya sange zikizidishwa huacha ulaini wa plastiki, na hafurahii kuuchapisha kama ndiyo ngozi ya mnyama.

Kwenye Hori ya Mida, kilomita chache tu kutoka msituni, hadithi ni nyingine kabisa. Huko mwanga ni mwingi mpaka unaumiza macho, na tatizo ni tope. Maji yakipwa, uwanda mpana hufunuka mbele ya mikoko, na ndege wahamiaji hushuka kula. Miongoni mwao kuna mla-kaa, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia magamba. Ndege huyu huzaliana kwenye fukwe na visiwa vilivyoizunguka Bara Arabu, Oman na Ghuba zikiwemo, akitaga ndani ya mashimo anayochimba mchangani, kisha sehemu yao huja kupitisha miezi kwenye pwani yetu. Safari yake ni ile ile ya majahazi ya zamani.

Stendi yoyote ndani ya tope la Mida huzama mguu mmoja baada ya mwingine, na lenzi ya kilo nne haiwezi kushikwa hewani kwa saa nzima bila mikono kuanza kutetemeka. Kamera ya kilo mbili inaweza. Mpigapicha huketi kwenye mzizi wa mkoko akiwa ameivaa shingoni, huiinua ndege wakikaribia, huishusha wakienda, na maji yanapoanza kujaa huondoka kwa wakati bila kuhangaika kung'oa vitu. Uhuru wa kuondoka haraka una thamani kubwa mahali ambapo maji hujaa kwa kasi.

Hapo hapo Mida alijifunza kutumia kitu ambacho Olympus walikileta kwenye E-M1 Mark II mwaka 2016 na kukiita Pro Capture. Kidole kikibonyeza kitufe nusu, kamera huanza kupiga picha mfululizo na kuzitunza kwa muda kwenye kumbukumbu yake, ikizifuta za zamani kadiri mpya zinavyoingia. Kidole kikibonyeza mpaka mwisho, zile za nyuma nazo huhifadhiwa kwenye kadi. Mdiria akiwa juu ya tawi la mkoko hakupi taarifa ya kuruka. Ukiona ameruka, umeshachelewa. Kwa njia hii picha ya mabawa yakifunguka tayari imo. Wako wanaosema huko ni kumwibia mpigapicha ustadi wake. Mwandishi hakubaliani nao: kulijua tawi analolipenda mdiria, kulijua jua litakuwa upande gani maji yakipwa, na kukaa kimya mpaka ndege azoee, hakuna mashine inayokufanyia.

Mahali pa tatu ni Gede, kwenye mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993. Wakulima wanaoishi kandokando ya Arabuko-Sokoke hulea viwavi nyumbani kwa majani ya miti ya msituni, na pupa huuzwa kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Msitu uliosimama umekuwa na faida mkononi kwa watu waliokuwa wakizuiwa kuukata. Kwa mpigapicha, faida ni kwamba kipepeo anayetoka kwenye gamba lake unaweza kumsubiri kwenye kiti.

Lenzi ya karibu anayoitumia hapo, ya milimita 60, ina gramu 185 tu; akiitia mfukoni husahau kama ameibeba. Na hapa udogo wa kihisi unageuka kuwa neema. Katika picha za karibu kabisa, sehemu inayoonekana kwa ukali huwa nyembamba kuliko ukucha, kiasi kwamba jicho la kipepeo likiwa wazi, kipapasio chake kinakuwa ukungu. Kihisi kidogo, kwa tundu lile lile na mnyama akiwa na ukubwa ule ule ndani ya fremu, huongeza kina hicho. Kile kile kinacholalamikiwa kwenye picha za ndege, kwamba mandhari ya nyuma haiyeyuki vya kutosha, ndicho kinachotafutwa kwa wadudu.

Alimpiga hivyo kipepeo wa jamii ya Papilio dardanus akitoka. Mabawa hutoka yamekunjamana, madogo, yenye unyevu. Kipepeo hujining'iniza chini ya gamba tupu na kuanza kusukuma maji ya mwili wake kwenye mishipa ya mabawa, na mabawa hukunjuka polepole mpaka yanyooke. Kwa mnyama anayekwenda taratibu hivyo, kamera inaweza kupiga picha kadhaa ikisogeza fokasi hatua ndogo ndogo, kisha ikaziunganisha yenyewe kuwa picha moja iliyo wazi kutoka kichwa hadi ncha ya bawa. Picha hizo amezigawa kwa baadhi ya wakulima. Mama mmoja alibandika moja ukutani juu ya vizimba vyake vya viwavi, akawa anawaonyesha watoto ni kipi kinatoka wapi.

Wanunuzi wa picha huuliza kuhusu ukubwa wa chapa kuliko jambo jingine lolote, na jibu ni rahisi. Faili la megapikseli 20 lina pikseli 5,184 kwa 3,888. Kwa kiwango cha nukta 300 kwa kila inchi, ambacho ndicho wachapaji wengi huomba, hiyo ni karatasi ya sentimita 44 kwa 33, kubwa kidogo kuliko A3. Ukurasa mzima wa jarida hautaki hata nusu ya hizo. Kinachopungua ni nafasi ya kukata: ndege akiwa mbali, kamera kubwa ya megapikseli 45 inamwachia mpigapicha kipande cha kutosha, na hii ndogo inamtaka asogee. Kusogea, kwa mwenye mzigo mwepesi, kunawezekana.

Lakini soko halikusimama. Mwaka 2023 Nikon walitoa lenzi ya milimita 600 ya fremu kamili, yenye tundu la f/6.3, ambayo haifiki kilo moja na nusu. Na mwaka 2024 OM System, watengenezaji wa OM-1 yenyewe, walitoa lenzi ya milimita 150 hadi 600 ya kihisi kidogo ambayo ina zaidi ya kilo mbili. Kwa hiyo anayesoma hapa akitaka kununua asinunue jina la mfumo. Aweke kwenye mizani mwili na lenzi atakayoitumia kweli, aijumlishe na maji na chakula, aitembeze nusu siku juani, ndipo aamue. Mwenye kazi ya garini hana haja ya kuhama. Mwenye kupiga popo na wanyama wa usiku atajuta akihama. Anayetembea kwa miguu kwenye misitu ya pwani, anayevuka tope, anayepanda ndege ndogo zinazoruhusu kilo 15 za mizigo yote, huyo atapata kitu ambacho karatasi ya vipimo haikionyeshi.

Kwake yeye kitu hicho kilikuwa wanyama wapya. Kwenye mafaili yake ya miaka ya karibuni wamo bundi wale, vinyonga wadogo wa sakafuni, buibui, kaa wa mikokoni, chura juu ya jani lenye umande. Wote walikuwapo tangu zamani, hatua chache tu nje ya njia ya gari.

Sange anayekimbia bado hajampata kwa kiwango cha kuchapishwa. Mvua za vuli zikipita anakusudia kuazima kamera ya fremu kamili na lenzi ya milimita 400 yenye tundu la f/2.8, nzito kweli, na safari hii mzigo hautatembea: mzee ameshamwonyesha mahali ambapo sange wawili, dume na jike, hupita kila asubuhi kati ya marundo yao ya majani, hatua chache tu kutoka kwenye njia ya gari, na wameafikiana watafika hapo kabla ya alfajiri, waiweke stendi chini, wakae.